Kisanduku cha Katikati

Mkiingia katika chumba cha kikao mkiwa na kalamu, msikae karibu na dirisha. Mtasikia pikipiki, mtasikia mama muuza ndagala akibishana na mteja, mtasikia ziwa, na neno moja dogo litawapita. Kaeni mahali ambapo mnaona mikono ya watu. Mdomo wa mtu mzima umefundwa adabu tangu utotoni. Mikono haikufundwa sana.

Nawaandikia ninyi mliochukua kiti nilichokiacha, na wengine watakaokikalia baada yenu, hapa Kalemie au kule Manono, popote penye meza ndefu na watu wanaoitwa wataalamu. Mimi nilikuwa sekretere wa vikao katika biro, yaani ofisi, ndogo ya ujenzi kwa muda wote ambao magoti yangu yalikubali kupanda ngazi zake. Wataalamu walikaa, kila mmoja akasema anapendelea nini, nami nikageuza maneno yao kuwa karatasi moja ambayo mkubwa angeweza kutia sahihi. Jirani zangu walidhani nilichukuliwa kwa ajili ya mwandiko mzuri. Mwandiko ni kitu kidogo. Kazi yenyewe ilikuwa kupima "labda" ya mtu huyu na "labda" ya mtu yule, na kujua kwamba hazina uzito mmoja.

Aliyenifundisha ni Papa Musafiri, sekretere aliyenitangulia, mtu mwembamba aliyevaa koti la sufu hata mwezi wa tisa, wakati mbwa wenyewe wanatafuta kivuli. Wiki yangu ya kwanza alininyang'anya kalamu.

"Papa, sasa nitafanya nini?"

"Utasikiliza."

"Nasikiliza tangu nimezaliwa."

"Hapana, Mama. Tangu umezaliwa unangoja zamu yako ya kusema."

Alikuwa na daftari ambalo ndani yake kila mtaalamu alikuwa na ukurasa wake. Injenia akisema "si mubaya", maana yake amefurahi hadi anaogopa kuonyesha. Ndivyo alivyojibu siku ya harusi yake mwenyewe alipoulizwa anamwonaje bibi harusi, na wakwe walikasirika hadi chakula kikapoa. Mama Vumilia, muuguzi aliyetuwakilishia mambo ya afya, akisema "si mubaya", maana yake anajizuia asitukane. Shefu wetu, mkubwa wa biro, akisema "tutaona", tayari ameona, na jibu ni hapana. Na Papa Kabemba, mchimba visima, hakuwahi kutamka "mbaya" mbele ya mtu aliyekwisha kusema "nzuri". Kwenye ukurasa wake Papa Musafiri alikuwa ameandika mstari mmoja tu: huyu akianza kusitasita, acha kila kitu, umuulize tena.

Niliusoma mstari huo mara nyingi. Ungedhani kusoma kunatosha.

Siku moja tulikaa kuchagua rangi ya kupaka biro. Kulikuwa na vikopo vitatu juu ya meza. Wa kwanza kusema alikuwa Shefu, na hilo ni kosa ninalowaomba mlikwepe: mkubwa asifungue mdomo kabla ya wengine. Aliinua kikopo cha rangi ya kahawia akasema, "Mi napenda hii." Injenia akasema mtu anaweza kuizoea. Mama Vumilia akasema haitaonyesha uchafu. Papa Kabemba akasema rangi ni rangi. Nikaandika: wote wamekubali.

Biro ikatoka na rangi ya maini. Wageni walisimama chini ya ngazi wakiuliza kama ndipo panapochinjwa ng'ombe. Baada ya wiki mbili Shefu alinivuta pembeni.

"Mama Sekretere, nani alichagua hii kitu?"

"Ni weye, Shefu."

"Mi? Mi nilisema tu napenda! Nilingoja munikatalie!"

Nilicheka hadi nikashika mbavu. Niliwasimulia watu kisa hicho kwa miaka mingi kama mzaha mzuri wa kazini. Kosa lilikuwa limekaa mbele yangu, limepakwa ukutani kutoka sakafu hadi dari, na mimi nikalitumia kuchekeshea wageni.

Baadaye ikaja fishi. Ilikuwa karatasi safi, imechapishwa mbali, ina mstari kwa kila mtaalamu na visanduku vitano: nzuri sana, nzuri, wastani, mbaya, mbaya sana. Mtaalamu mmoja, msalaba mmoja. Kila kisanduku kina alama zake. Unajumlisha, chenye alama nyingi kinashinda, na vikilingana kikao kinarudiwa upya. Niliipeleka kwa Papa Musafiri, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu na hatoki tena kitandani. Aliitazama, akaigeuza nyuma kana kwamba maneno mengine yamefichwa huko. Nyuma kulikuwa kutupu.

"Vyumba tano tu," akasema. "Na mutu mwenye kusimama kwenye mulango, kati ya chumba na chumba, ataingia wapi?"

"Fishi inataka aingie moja, Papa."

"Basi usimusukume weye. Ungoje aingie mwenyewe."

Alifariki kabla ya mvua zilizofuata, na koti lake tukamzika nalo.

Kisha ziwa likapanda. Wengine wenu mliliona. Halikuja kwa hasira, lilikuja kama mgeni ambaye kila siku anasogeza kiti chake ndani kidogo. Likafika barabara ya chini, likafika uani, likafika jikoni, mpaka watu wakafunga mitumbwi kwenye nguzo za milango yao. Familia za barabara ya chini zikahamia katika madarasa ya shule. Miongoni mwao walikuwamo Papa Kabemba na mke wake, Mama Sifa, rafiki yangu, ambaye kwenye korali alisimama kulia kwangu na kuniokoa kila niliposahau ubeti. Nilimkuta amepanga sahani zake juu ya dawati la darasa la tatu.

"Karibu, dada," akaniambia. "Nimerudi masomo. Mwalimu akinichapa utanitetea."

Tulicheka. Lakini macho yake yalikuwa mekundu; alikuwa akilala ameketi, mgongo ukutani, kwa sababu sakafu ilikuwa na watoto wa watu wengine. Aliponisindikiza mlangoni alinishika mkono.

"Ninyi wa biro, mutupatie fasi haraka. Fasi yoyote. Mi nimechoka."

Biro yetu ndiyo iliyoagizwa kuchagua mahali pa kuzihamishia familia hizo. Palikuwa na sehemu tatu. Tanurini, penye matanuri ya matofali, palikuwa karibu lakini maji yalituama. Ng'ambo, upande wa pili wa mto Lukuga, palikuwa tambarare na pakavu, lakini mbali na soko na zahanati. Kilimani, mteremko ulio juu ya mji, palikuwa na hewa, na mtu akisimama pale aliona ziwa lote bila kuloweshwa nalo.

Siku ya kikao gari la Shefu lilikuwa likinguruma nje, kwa sababu wageni kutoka mbali walikuwa wakimngoja. Akasema kwanza, tena kabla hajaketi. "Mi naona Kilimani njo muzuri. Ninyi semeni."

Injenia akasema Kilimani ni pazuri kama maji ya mvua yatapewa njia. Nikaweka msalaba kwenye "nzuri". Lile "kama" halikuwa na kisanduku.

Mama Vumilia akaanza na Tanurini. "Pale mutazika watu wa kipindupindu kabla hawajamaliza kuezeka." Ng'ambo je? "Mama akishikwa uchungu, atavuka na nini? Ataogelea?" Kilimani akapakubali, nikaandika "nzuri".

Akabaki Papa Kabemba, ambaye Ng'ambo alikwisha kupapa "nzuri", sawa na Injenia. Alikuwa amepanda Kilimani kwa miguu siku iliyotangulia, akachimba shimo bila kutumwa na mtu. Alitoa mfukoni kifurushi cha plastiki, akakifungua juu ya meza. Ndani kulikuwa na donge la udongo wa kijivu. Alilibonyeza kwa kidole gumba, likang'aa kama sabuni iliyolowa.

"Juu, udongo iko mwekundu, haina shida," alisema. "Chini yake, urefu wa mukono moja tu, iko hii. Maji haipite ndani ya hii. Maji inatembea juu yake."

"Sasa tuseme nini, Papa?" Shefu akauliza, akiangalia mlango.

"Mi nasema... iko kati ya wastani na mubaya. Jua likiwaka, wastani. Mvua ikikaa siku mingi, mi sijui."

"Papa Kabemba, sanduku moja. Hapa hatuchimbi kisima."

Watu wakacheka. Na yeye akacheka. Lakini nilikuwa nimekaa mahali pangu, naiona mikono yake, na mkono wake wa kulia ulikuwa ukijifuta kwenye paja la suruali, ukijifuta na kujifuta, hata baada ya udongo wote kwisha kutoka.

Nikamuuliza mara moja tu. "Papa, niweke wapi?"

"Weka pale unaona, Mama Sekretere. Weye njo unajua maneno."

Honi ikalia nje. Nilikuwa nimekwisha kujumlisha kichwani. Mtu wa kazi hii hujumlisha hata asipotaka. Nikimwekea "wastani", Kilimani pangepashinda Ng'ambo kwa alama moja. Nikimwekea "mbaya", alama zingelingana, na kikao kingerudiwa, labda baada ya wiki mbili, labda tatu. Nikamwona Sifa ameegemea ukuta wa darasa. Nikajiambia kwamba mtu ambaye mke wake mwenyewe atalala pale, kama angekuwa na hofu ya kweli, angesema waziwazi. Nikajiambia kwamba kusitasita kwake ni adabu tu. Niliufahamu ukurasa wake katika lile daftari kwa moyo, na nikaweka msalaba katikati.

Sikuuweka kwa uvivu, vijana. Ningeuweka kwa uvivu, pengine leo ningejisamehe. Niliuweka kwa huruma. Jihadharini na huruma yenu mnapoandika neno la mtu mwingine.

Shefu akatia sahihi peke yake, kwa kuwa fishi haikuhitaji sahihi za wataalamu, akashuka ngazi mbili mbili. Mimi nikabaki na karatasi zangu za rafu, zile za kuandikia harakaharaka kabla ya kujaza fishi, ambazo juu yake nilikuwa nimeandika kila alichosema kila mtu, hata kicheko. Zamani Papa Musafiri alizihifadhi hizo katika kabati lake. Lakini tangu fishi ije tuliambiwa kabati limejaa na mchwa wamejaa, na karatasi zote za rafu tulimpa mama muuza karanga aliyekaa chini ya ngazi. Wiki hiyo hiyo maneno ya Papa Kabemba yalikunjwa kuwa koni ndogo, yakajazwa karanga, yakaenda sokoni na bandarini mikononi mwa watu wenye njaa.

Nyumba zikapanda Kilimani. Mama Sifa alikuwa wa kwanza kuhama na wa kwanza kutualika. Alikuwa amepanda mboga za lenga-lenga mbele ya mlango, sahani zimepangwa kwenye rafu ya mbao aliyoitengeneza mume wake. Alinisimamisha kizingitini akanielekeza ziwa, ambalo kutoka pale lilikuwa bluu na dogo, na lisingemdhuru mtu.

"Liangalie," alisema. "Sasa linaona haya."

Kiangazi kizima alikuwa na furaha. Naandika hilo kwa sababu ni kweli, si kwa sababu linanifariji.

Mvua zikaja, zikakaa. Siku ya nne au ya tano, Papa Kabemba alikuwa kwenye barabara ya Nyunzu, anachimba kisima cha shule. Ilikuwa asubuhi. Majirani walisema hapakuwa na kishindo. Walisema ilikuwa kama mtu anavuta kitambaa cha meza polepole. Udongo ukateremka na nyumba tatu. Mbili hazikuwa na watu, wenyewe walikuwa wameenda sokoni. Katika ya tatu Mama Sifa alikuwa akichambua maharage.

Kwenye mazishi yake korali iliimba, na nilipofika kwenye ubeti ninaousahau kila mara, kulia kwangu kulikuwa kimya.

Matanga yalipokwisha, Papa Kabemba alikuja biro. Alikuwa amevaa shati safi lililopigwa pasi, kama mtu anayekuja kuomba kazi. Alisalimu, akauliza magoti yangu yanaendeleaje, akakaa.

"Mama Sekretere, ile kikao ya Kilimani, karatasi yake iko?"

"Iko, Papa."

"Nataka nione nilisema nini."

"Hukumbuki?"

Alitazama mikono yake. "Nakumbuka mara mbili. Siku ingine nakumbuka niliwakataza, nilileta udongo, nikawaonyesha. Siku ingine nakumbuka nilinyamaza, sababu Sifa alichoka kulala shule, na mi pia nilichoka. Nikilala nakumbuka hivi, nikiamuka nakumbuka vile. Karatasi njo itanikatia shauri."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuja kumshitaki mtu. Alikuja kujua kama ni yeye.

Ningeweza kusema fishi imeliwa na mchwa. Nilifungua kabati nikaitoa. Alitafuta jina lake kwa kidole, akafuata mstari taratibu, kisanduku kwa kisanduku, mpaka kidole kikafika kwenye msalaba na kusimama.

"Wastani," alisoma.

"Papa, hukusema wastani. Ulisema kati ya wastani na mbaya. Ulisema mvua ikikaa siku nyingi hujui. Ulitoa udongo, ukaubonyeza, ukang'aa. Ni mimi niliyeweka msalaba pale."

Alinisikiliza hadi mwisho kwa upole, jinsi unavyomsikiliza mtu aliyekuletea chakula msibani.

"Weye ulipenda Sifa," alisema.

"Nilimpenda. Lakini nasema kweli."

"Unasema vile kwa kunipoza moyo. Asante, dada."

"Papa Kabemba, nisikilize. Ulisimama katikati, mimi nikakusukuma."

"Kama ulisikia vile, ungeandika vile." Akatikisa kichwa. "Mi nakujua miaka mingi. Weye si mutu wa kuandika uongo."

Nikachukua karatasi mpya. Mwandiko wangu mzuri ukaenda upande. Niliandika maneno yake yote, neno kwa neno, pamoja na udongo, pamoja na kicheko cha watu, pamoja na honi. Nikaandika kwamba kosa ni langu. Nikatia sahihi, nikagonga muhuri wa biro, nikamsogezea.

Aliisoma mara mbili. Kisha akaweka kidole kwenye pembe ya juu.

"Tarehe ni ya leo," alisema.

"Ndiyo, Papa."

Aliirudisha mezani, akailinganisha vizuri na ukingo wa meza, jinsi mtu anavyorudisha kitu kisicho chake. Akaomba fotokopi ya fishi. Nikamtolea. Aliikunja mara nne, akaitia katika mfuko wa shati, akaniaga.

Tangu siku hiyo, mpaka nilipostaafu, nilifanya mambo ambayo nawaachia ninyi. Nyuma ya fishi ni kutupu: andikeni huko sentensi ya mtu jinsi alivyoitoa, yenye "kama" yake na "sijui" yake. Mtu akisema "kati ya hiki na hiki", wekeni misalaba miwili na mkubali kugombezwa. Mwenye mamlaka aseme mwisho. Kila mtaalamu asome msalaba wake kwa macho yake kabla hajatoka mlangoni, hata gari lipige honi hadi betri iishe. Na karatasi za rafu msimpe mtu yeyote. Najua mna kompyuta sasa, na najua ndani yake kuna visanduku saba badala ya vitano, kijana mmoja alinionyesha kwa fahari. Saba pia vina kuta.

Nami sitawadanganya kwamba mambo hayo yalirudisha chochote. Papa Kabemba aliacha kuchimba visima, akahamia Mpala kwa ndugu zake. Nimemfuata huko mara mbili kwa boti, nikiwa na maneno yale yale, na mara zote mbili alinipa samaki wa kurudi nao, akaniuliza habari za magoti.

Mara ya mwisho tulikuwa tumekaa mbele ya nyumba yake walipofika wanaume watatu wa kijiji. Walitaka kujenga madarasa kwenye mwinuko nyuma ya makanisa, na mmoja wao alikuwa amebeba udongo kiganjani, akiwa ameukinga kwa mkono wa pili.

"Papa, tuliambiwa weye unajua. Utuangalilie, fasi hii itafaa?"

Aliutazama udongo ule. Niliona kidole gumba chake kinainuka kutoka kwenye goti, kisha kikarudi chini.

"Mi naonaga vitu wastani tu," akawaambia. "Mutafute mutaalamu."